Kazi Zinazomfaa Kobe

Kwa miaka sita Zilpah Nyanchama alisoma kipimajoto cha majokofu ya chanjo mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na hakuwahi kuona kwamba hilo ni tatizo linalohitaji mtu wa kutoka Nairobi aje kulitatua.

Mtu mwenyewe alikuja hata hivyo. Aliitwa Austin, na cheo chake kilikuwa Kiongozi wa Ubunifu na Mageuzi. Alivaa viatu vya bei bila soksi, na kila alipoingia chumbani aliangalia kwanza kuta, kama mtu anayekadiria ni upi utabomolewa. Shirika lenyewe lilikuwa dogo, la afya ya watoto, lenye ofisi mtaa wa Kator, Juba, umbali wa kusikia kengele za kanisa kuu. Lilikuwa na magari mawili, jenereta moja yenye kikohozi, na mkurugenzi aliyeitwa Crispus, mtu mwema ambaye siku zote aliafikiana na yule aliyetoka ofisini mwake mwisho.

Zilpah ndiye aliyekuwa mtunza ghala la dawa na chanjo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, kwao Nyamira, na hapa Juba hakujulikana kwa mengi zaidi ya utaratibu wake. Asubuhi alikula ful, yaani maharagwe ya kupondwa, na mkate kwa mama yuleyule, kwenye kiti kilekile. Ukimwambia njoo nyumbani Jumapili saa yoyote, hakuja, kwa kuwa hukutaja saa. Mdogo wake Millicent, aliyekuwa akimpigia simu kutoka Kisii, alikuwa amechoka kumwambia ajiongeze kidogo maishani. Zilpah alimwuliza ajiongeze nini, wakarudi kuongea habari za mama yao.

Kazi ya kwanza ya Austin ilikuwa kuwapima wafanyakazi tabia. Aliwatumia maswali arobaini kwenye simu. Swali moja liliuliza: ukikuta mlango umefungwa, utatafuta dirisha, utagonga mpaka ufunguliwe, utabuni mlango mwingine, au utasoma kilichoandikwa mlangoni? Zilpah alichagua kusoma. Alishangaa sana kwamba kuna watu wanaoanza kubuni milango kabla ya kujua kama nyumba ni yenyewe.

Majibu yaliwagawa watu makundi manne: Tai, Simba, Nyuki na Kobe. Austin alikuwa Tai. Crispus alitoka Simba, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe kuliko wote, na kwa siku mbili alitembea kifua mbele mpaka mgongo ukamuuma. Muuguzi Namutebi, Mganda wa kutoka Masaka, alikuwa Nyuki. Mogga, fundi wa jenereta na majokofu, mwenyeji wa hapahapa, hakupimwa kwa sababu maswali hayakuwa na Kiarabu. Kobe alikuwa mmoja tu ofisi nzima.

Zilpah alisoma karatasi yake akiwa amesimama. Iliandikwa kwamba Kobe ni mtu mwaminifu na anayewajibika, ambaye hupendelea taratibu zilizokwisha kuwekwa kuliko kubuni mambo mapya. Kazi zinazomfaa: utunzaji wa ghala, ukarani wa masjala, ukaguzi wa majengo, upimaji wa mizani, uangalizi wa mitambo. Aliisoma tena akiwa ameketi. Moyo wake ulijaa. Ilikuwa mara ya kwanza karatasi kutoka makao makuu kusema kweli tupu kumhusu mtu, na akaomba nakala ampelekee Millicent.

Austin alimvuta kando. Alishusha sauti namna daktari anavyoshusha anapotaka kukuambia ukae kwanza. Alimweleza kwamba asivunjike moyo, hali hii si ya kudumu, wapo Kobe wengi aliowaona wakibadilika, na kwamba warsha ya siku tatu ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya watu kama yeye. Zilpah akamwuliza kama utunzaji wa ghala haukuwa kwenye orodha ya kazi zinazomfaa. Austin akakubali kwamba ulikuwa wa kwanza.

“Basi ugonjwa ni upi?” Zilpah akauliza.

Austin akacheka kidogo, akachukua kikaratasi cha manjano cha kunata, akaandika neno moja: anajitetea.

Wiki iliyofuata mageuzi yakashuka kwenye chumba cha chanjo. Kilikuwa chumba bora kuliko vyote, chenye dari nene, upande wa kivuli, na ndiyo sababu majokofu yalikuwa humo. Austin alikipenda kwa sababu hizohizo. Akaamua kiwe Kona ya Mawazo. Yakaletwa magunia laini ya kukalia, mekundu na ya bluu, na mchoraji mmoja kutoka mtaa wa Jebel akalipwa kumchora tai ukutani. Mchoraji alifanya bidii, lakini tai alitoka na uso wa kuku aliyeshtuliwa. Jokofu namba moja, zee la chuma, lilikataa kusogea hata walipolisukuma wanaume sita, kwa hiyo likaachwa pembeni, bado likifanya kazi, na kufunikwa kitambaa. Jokofu namba mbili, jipya na refu, likahamishiwa kwenye kontena nyuma ya jenereta, mahali ambapo saa nane mchana ungeweza kukaanga yai juu ya bati.

Zilpah aliandika barua kupinga. Crispus aliisoma, akaafiki. Kisha akaingia Austin, na Crispus akamwafiki Austin.

Halafu likaja Jicho. Jicho lilikuwa kidude kidogo cheupe cha kupima joto, kilichowekwa ndani ya jokofu namba mbili, kikituma habari kwenye skrini kubwa ukumbini. Joto likiwa sawasawa, skrini ilionyesha uso wa kijani unaotabasamu. Likiharibika, uso ulikuwa mwekundu na machozi. Austin aliibandua ile karatasi ya vipimo mlangoni mwa jokofu, yenye mwandiko wa Zilpah wa mwezi mzima, akaikunja mara nne. Alisema enzi za kalamu zimekwisha. Hata rejista ya watoto wanaochanjwa ingehamia kwenye simu. Zilpah hakuwa tena mtunza ghala, alikuwa Balozi wa Takwimu.

Usiku ule Zilpah hakupata usingizi mzuri. Kutii alikujua, lakini safari hii alitakiwa kutii vitu viwili vinavyovutana. Alfajiri akafungua mwongozo wa kazi na kusoma ukurasa wa mwisho, ambao hausomwi na mtu: badiliko lolote la utaratibu huanza kutumika baada ya waraka kusainiwa na mkurugenzi pamoja na daktari wa shirika. Akaenda kumwuliza Austin waraka uko wapi. Austin akamwambia mageuzi hayasubiri karatasi. Basi kumbe utaratibu wa zamani ulikuwa bado hai. Zilpah akanunua daftari la shule la kurasa tisini na sita, akaendelea kusoma kipimajoto chake cha kioo saa mbili na saa kumi, dhamiri ikiwa nyeupe.

Aliendelea hivyo mpaka Jumatatu, alipopelekwa warsha.

Warsha ilikuwa kwenye hoteli kando ya mto. Walikuwepo Kobe tisa kutoka mashirika mbalimbali: mkaguzi mmoja wa benki, mtunza maktaba, bwana mmoja aliyekagua vizimamoto, na wengine wa aina hiyo. Wote walifika robo saa kabla. Mwezeshaji alichelewa dakika hamsini, akaanza kwa kuwataka wajiachilie. Waliambiwa wajenge mnara kwa tambi mbichi. Bwana wa vizimamoto akauliza mnara utabeba uzito gani, akaambiwa hilo ndilo swali linalomfunga. Waliambiwa wachore nafsi zao kwa kalamu za rangi. Zilpah alichora jokofu, na alilichora vizuri, na bawaba zake. Mwezeshaji alilitazama kwa huzuni, akasema bado kuna siku mbili.

Kabla ya kuondoka ofisini alikuwa ameacha maandishi: nani asome kipimajoto, saa ngapi, rafu gani. Hakuna aliyesoma. Jicho lilikuwa linatazama.

Alhamisi saa mbili kasoro dakika tano Zilpah alifungua kontena. Ukumbini alikuwa amepita mbele ya ule uso wa kijani, unatabasamu kama mtu aliyelishwa bure. Akafungua jokofu namba mbili, akainama kwenye rafu ya chini ambako kulikuwa na chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, akatoa kipimajoto. Nyuzi nne chini ya sifuri. Akakipangusa, akasoma tena. Vichupa viwili vya nyuma vilikuwa na barafu kabisa, vingine vilionekana vizima, na hivyo ndivyo vilivyomtisha, kwa kuwa chanjo hii ikiganda kisha ikayeyuka, haina alama yoyote ya nje. Unamchoma mtoto maji yenye jina la dawa.

Kirungu cha kurekebisha baridi kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

Akamwita Mogga. Mogga alikuja akipangusa mikono, akatazama, akatikisa kichwa. “Okti, kalam de ma kweis,” alisema. Mambo haya si mazuri, dada. Akamweleza, Kiswahili kikichanganyika na Kiarabu, yaliyotokea. Kile kidude cheupe hakikuweza kutuma habari kutoka ndani kabisa, kuta za jokofu ni nene, kwa hiyo kilitundikwa juu, karibu na mlango. Jumatatu mchana kontena lilipopata moto, na mlango ukawa unafunguliwa na kufungwa, pale juu pakawa na joto. Uso ukawa mwekundu, ukalia. Austin akaja mbio na kuzungusha kirungu. Uso ukaendelea kulia. Akazungusha tena, mpaka ukatabasamu. Juu karibu na mlango kukawa nyuzi tano barabara. Chini kukaganda. Mogga alimwambia chini kunaganda. Austin alimwambia Mogga kwamba hayumo kwenye mradi.

Zilpah hakupiga kelele, hakukimbia. Alirudisha kirungu mahali pake. Alizungushia rafu ya chini utepe mwekundu, akaandika usitumie, tarehe na saa. Kisha akachukua kichupa kimoja cha bechi ileile, akakifunga plasta yenye alama, akakiweka kwenye sehemu ya kugandisha ya jokofu namba moja, chini ya yule kuku wa ukutani, akakiacha kiwe jiwe mpaka kesho. Mwongozo ulisema hivyo. Ukishuku chanjo imeganda, gandisha nyingine kwa makusudi, iyeyushe, kisha uzitikise zote mbili na kuzilinganisha.

Crispus alipopata taarifa yake ya maandishi alishika kichwa. Kesho yake, Ijumaa, wafadhili watatu walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kuliona Jicho, na baada ya hapo kuvuka daraja kwenda Gumbo kuona watoto wakichanjwa. Akamwita Austin. Austin akatoa simu na kuonyesha mstari wa siku tatu, umenyooka kwenye nyuzi tano. Akauliza, kwa upole wa mtu anayejua ameshinda, kama shirika litaamini teknolojia au kijiti cha kioo cha Dada Zilpah. Crispus akaafiki kwamba mstari ulikuwa umenyooka.

Ijumaa saa mbili gari lilikuwa limewashwa uani na Namutebi amesimama na makasha matupu ya kubebea chanjo. Alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, asiyependa kusubiri. Alisema wanawake walikuwa wamejaa Gumbo tangu saa moja, wengine wametembea kutoka mbali kando ya barabara ya Nimule. Zilpah akasema za rafu ya chini hazitoki. Austin akasema zinatoka. Crispus alikuwa katikati yao, akitazama geti.

Hapo Zilpah akachomoa karatasi kwenye faili. “Hii ni fomu namba tisa,” alisema. “Mtu anayeruhusu chanjo iliyotiliwa shaka itumike anaandika jina lake kamili, cheo, saa, na anasaini. Mimi nikishaipata, nafungua.”

Akampa Austin kalamu. Austin aliitazama ile fomu. Mtu aliyebomoa chumba, aliyehamisha jokofu, aliyewaambia watu kila Jumatatu asubuhi kwamba kuthubutu ndiyo roho ya kazi, aliisoma fomu yenye mistari minne kwa dakika nzima. Kisha akasema kwamba kimsingi yeye ni mshauri, saini ni ya mkurugenzi. Akampa Crispus kalamu. Simba akasema kwamba kwa kweli mambo ya kitabibu ni ya muuguzi. Namutebi hakuipokea kabisa.

“Mimi iko hapa ya kuchoma,” alisema. “Kusaini mimi hapana.”

Kalamu ikamrudia Zilpah. Wakati huohuo geti likafunguliwa, gari la wageni likaingia.

Crispus aliwapokea kwa mikono miwili na kuwaambia walikuwa katikati ya mazoezi. Mmoja wa wageni, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, aliwahi kuwa daktari wa watoto miaka mingi. Aliona utepe mwekundu mkononi mwa Zilpah, akauliza kwa Kiingereza ni mazoezi ya nini. Zilpah akamjibu kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba si mazoezi, ni jaribio la kutikisa, na kama wana nusu saa wanakaribishwa. Daktari yule akasema anayo. Wenzake wakakosa namna ya kusema hawana.

Penye meza iliyo sawa na mwanga wa kutosha palikuwa mahali pamoja tu, Kona ya Mawazo. Basi wakaingia wote. Wafadhili wakaketi kwenye magunia laini na kuzama mpaka magoti yakafika kidevuni. Zilpah akaleta kichupa alichokigandisha kwa makusudi, kilichokuwa kimeyeyuka tangu alfajiri, na kichupa kimoja kutoka rafu ya chini. Akavishika pamoja mkono mmoja, akavitikisa kwa sekunde kumi na tano, akaviweka mezani kimoja kando ya kingine, akatazama saa.

Halafu hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kungoja. Austin alijaribu kuijaza ile nusu saa. Alianza kueleza falsafa ya Jicho, akaonyesha skrini, ambayo ukumbini iliendelea kutabasamu. Mgeni wa nywele nyeupe alimwomba anyamaze kidogo. Alikuwa ameshuka kwenye gunia na kupiga magoti sakafuni, macho yake sawa na vichupa. Crispus naye akapiga magoti, kwa kuwa mgeni amepiga. Ndani ya dakika chache nusu ya uongozi ilikuwa sakafuni ikitazama maji yenye rangi ya maziwa.

Dakika ya tano, kichupa kile kilichogandishwa kikaanza kujitenga, juu maji safi, chini machicha meupe. Dakika ya saba, kichupa cha rafu ya chini kikafanya vilevile. Dakika ya kumi na tano usingeweza kujua kipi ni kipi. Zilpah alingoja mpaka dakika ya thelathini, kwa sababu imeandikwa thelathini, ndipo akaandika: zimeharibika, zitupwe.

Chanjo chache zilizokuwa ndani ya jokofu namba moja, lile zee lisilosogea, zilitosha watoto themanini. Namutebi akazipakia akaondoka nazo Gumbo akilalamika njia nzima. Uani watu walianza kupumua. Crispus alianza hata kutabasamu. Zilpah alikuwa amesimama palepale na daftari lake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Alimpigia Namutebi simu garini kumwuliza zile za Jumatano, walizopeleka sokoni Jebel yeye akiwa warsha, zilitoka rafu gani.

Zilpah alisikia mlio wa pikipiki zikipita darajani.

“Ya chini,” Namutebi akasema.

Kwenye simu ya Austin, kule kulikohamishiwa rejista, Jumatano ile ilikuwa na watoto sitini na watatu.

Mambo mengine yalikwenda jinsi yanavyokwenda. Austin aliandika ripoti ya kurasa ishirini yenye picha, akieleza namna Jicho lilivyofichua udhaifu wa mfumo wa zamani wa baridi. Ripoti ilipendwa. Baada ya mwezi alipandishwa cheo, akapewa nchi tatu za kugeuza badala ya ofisi moja, na kwenye chakula cha kumuaga alibubujikwa na machozi. Siku hiyohiyo Zilpah alipewa cheti cha Mbunifu wa Mwaka. Alipokisoma alimwendea Crispus na kumwambia kina makosa, jaribio lile hakulibuni yeye, lipo kwenye mwongozo tangu zamani, na yeye alilifuata tu. Watu wakacheka, wakasema ni mnyenyekevu. Kwenye daftari la kupokelea vitu vya ofisi alikataa kusaini, kwa maelezo kwamba kilichotajwa sicho alichofanya. Cheti kikabaki kwenye droo ya Crispus pamoja na betri zilizokwisha.

Yeye na Namutebi walikuwa na kazi nyingine, ya kuwachanja upya wale sitini na watatu. Ofisi ilikuwa imewatumia akina mama wa Jebel ujumbe kwamba watoto wao wamepata bahati ya dozi ya zawadi. Neno la zawadi liliwaleta arobaini kwa siku mbili. Wengine ilibidi wafuatwe, na kuwafuata watu chini ya mlima Jebel Kujur kwa anwani za namna ya nyuma ya kinu, au karibu na mama wa mkaa, si kazi ya siku moja. Zilpah aliifanya jioni na Jumamosi, baada ya vipimo vya saa kumi. Alikwenda na orodha, akifuta jina moja moja. Namutebi alimfuata na kasha la baridi begani, akinung'unika, bila kukosa hata siku moja.

Wiki ya tatu lilibaki jina moja, la mtoto wa mwanamke aliyeitwa Leyla. Duka lililoandikwa lilikuwa limefungwa. Jirani alisema wamehamia mstari wa pili, kwenye duka la jumla la mchele na sukari. Walimkuta hapo, mwanamke kijana kutoka Garissa, akipima dengu, mtoto wa miezi minne amelala kwenye boksi la sabuni lililotandikwa shuka.

Leyla aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupima. Kisha akasema alipata ule ujumbe na hakuja, kwa kuwa katika maisha yake hajaona watu wanaogawa sindano kwa zawadi.

“Niambieni ukweli,” alisema. “Ile ya kwanza ilikuwa na nini?”

Namutebi akamtazama Zilpah. Barua ya ofisi ilikuwa mfukoni mwa Zilpah, na ilisema waseme ni marekebisho ya kawaida. Lakini ilikuwa barua tu, si waraka, haikuwa na saini ya daktari. Na hata ingekuwa nayo, Zilpah alihisi asingeweza.

“Iliganda,” alisema. “Haikumdhuru, lakini haikumkinga pia. Sisi ndio tuliigandisha, hapo ofisini kwetu. Hii nimeitoa mwenyewe asubuhi, nimepima mwenyewe.”

“Na siku ile ulikuwa wapi?”

Zilpah alisema alikuwa hotelini anajifunza kuchora. Leyla alimwangalia usoni, akitafuta mzaha. Hakuona mzaha. Akafuta mikono, akamwinua mtoto kutoka kwenye boksi na kumshika paja. Namutebi akachoma haraka, kwa mkono mwepesi. Mtoto alilia mpaka wateja wawili wakageuka, kisha akanyamaza na kushika kidole cha mama yake.

Zilpah akatoa orodha na kufuta jina la mwisho. Sitini na watatu. Alikuwa amengoja kupiga mstari ule kwa wiki tatu, na akaupiga kwa rula.

“Na wa Mako?” Leyla akauliza.

Zilpah akauliza Mako ni nani. Leyla akaelekeza kwa kidevu kwenye mlango wa jirani. Alisema Mako alikuwa nyuma yake kwenye foleni Jumatano ile, na pacha wawili. Walichomwa wote. Ila yule kijana aliyekuwa akiandika majina kwenye simu alikuwa amesema chaji imekwisha, ataandika baadaye.

Namutebi akaliweka kasha chini.

“Nyuma ya Mako kulikuwa na watu?” Zilpah akauliza.

“Foleni ilifika kwenye kisima,” Leyla akasema. “Sikuwahesabu. Hiyo si kazi yangu.”

Hakuyasema kwa ubaya. Akarudi kwenye dengu zake. Zilpah alisimama mlangoni akitazama mstari wa maduka, na nyuma yake mabati ya nyumba yakipanda mpaka penye mawe ya mlima, na watoto kila mahali, wa miezi minne, wa miezi sita, migongoni na vumbini, wote wakionekana wazima kabisa. Alitazama saa. Ilikuwa kumi na moja na nusu, na mwanga ungekuwepo kwa muda mfupi tu. Akageuza ile orodha upande wa nyuma, mweupe, akachora mistari ya safu nne, kisha akaenda kugonga mlango wa kwanza.